Fundi wa Toi Aliyeshona Miti ya Avokado

Kama umewahi kununua gauni la mitumba pale Soko la Toi, ukafika nyumbani ukakuta linakupwaya kama hema la mkutano wa injili, basi labda Adero amewahi kukushika kiuno. Yeye ndiye yule fundi mrefu wa cherehani nyeusi, mwenye pini mdomoni na jicho linalokupima kabla hujasema unataka nini. Mimi ninauza mitumba meza ya pili kutoka kwake, mwaka wa kumi na tatu huu, kwa hivyo ninayoyaandika hapa sikuambiwa na mtu. Niliyaona kwa macho, na mengine niliyabeba kwa mgongo, yakiwemo magunia sita ya mavi ya mbuzi.

Jina lake kamili ni Immaculate Adero, nyar Alego, yaani binti wa Alego, mama wa Trizah. Trizah ni mtu mzima sasa na ameolewa Rongai. Mume alifariki zamani, Adero akabaki na mtoto, cherehani na chumba kimoja Kianda, ndani ya Kibera, na kutoka hapo hajamwomba mtu chumvi. Sifa yake Toi ni moja: mshono usioonekana. Mpe koti la mzungu wa kilo mia, atalipunguza mpaka limkae kijana wa chuo, na ukiligeuza ndani nje utafute alipokata, utatafuta mpaka soko lifungwe. Wasichana aliowafundisha kazi wanamjua. Mshono ukionekana, anaufumua mbele ya mwenye nguo, halafu anamuuliza aliyeushona kama hata yeye hutembea na petikoti ikining'inia.

Huyo ndiye aliyeamua, akiwa na miaka hamsini na mmoja, kuwa mkulima wa matunda katikati ya Kibera.

Chanzo kilikuwa Kawangware. Kila Jumamosi Adero alipeleka huko magwanda ya kwaya ya kanisa moja, na njia yake ilipita kwa mzee Kihara, mwenye ploti ya mabati karibu na kituo cha matatu cha 56. Katikati ya ile ploti ulisimama mti wa avokado uliozidi nyumba zote kwa umri na kwa urefu. Avokado zake zilikuwa na ngozi nyembamba, ndani njano kama siagi, bila uzi hata mmoja. Adero alizila na ugali, akazila na githeri, akazila na mkate, na siku moja nilimkuta akizila na avokado nyingine. Kihara mwenyewe hakuupenda ule mti. Avokado zilikuwa zinadondokea mabati saa zote, wapangaji wananung'unika, na majani hayaishi kufagiwa. Kwa hivyo mwezi wa kumi na moja, mwaka wa 2021, alimpa Adero habari kwa furaha kabisa: wanawe wanajenga ghorofa tano, na mti unaanguka Januari.

Adero alirudi Toi siku hiyo akashona suruali ya mtu mguu mmoja mfupi. Hapo nikajua kuna msiba.

Wakati huo tayari alikuwa na kokwa za zile avokado kwenye vikopo vya maziwa ya mgando, kama ishirini hivi, zimepangwa nyuma ya cherehani na zimetoa miche inayofika magotini. Alidhani hapo amemaliza kazi. Mti wa Kihara ukianguka, watoto wake wapo. Aliyemvunja moyo ni Isaac, jamaa anayeuza miche kando ya Ngong Road, aliyekuja kukatiwa suruali. Alitazama vikopo, akauliza, akaambiwa, akatikisa kichwa.

"Mama Trizah, kokwa ya avokado haina adabu. Unapanda ya Kihara, inakutolea ya mtu mwingine kabisa. Na utangoja miaka saba kumjua huyo mtu ni nani."

Akamweleza njia. Ukitaka tunda lile lile, unakata kijiti kwenye mti wenyewe, chenye unene wa penseli, macho yake yawe yamevimba yakitaka kufunguka. Unakata mche wako kichwa, unaupasua katikati, unachonga kile kijiti kama kabari, unakiingiza kwenye ule mpasuko, ngozi iguse ngozi, halafu unafunga na ukanda wa nailoni mpaka vishikane. Chini mizizi ya mche, juu tunda la Kihara, na badala ya miaka saba unangoja mitatu hivi. Alimwonyesha kwa mche mmoja pale pale, akitumia kisu. Adero alitazama na pini zake mdomoni. Isaac alipomaliza akasema hiyo ni kazi ya kusomea. Adero akatoa pini, akachukua ule wembe wake wa kufumulia nguo, akafanya wa pili kabla Isaac hajafuta kisu.

"Hii ni kushona tu," akasema.

Alikwenda Kawangware siku mbili kabla ya msumeno. Kihara alimpandishia kijana wa mjengo juu ya mti, naye Adero akasimama chini akichagua vijiti kama anachagua nyuzi, hiki ndiyo, hiki hapana, hicho kimezeeka, rudi juu. Kihara alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia ameona wazimu wengi Kawangware lakini bado hajaona wa kushona mti. Adero alivifunga vijiti kwenye kanga iliyolowa maji, akaja navyo Toi, na mchana huo wateja walikuta cherehani imefunikwa. Alishona miche kumi na minne. Jumamosi alipopita tena na magwanda ya kwaya, mti wa Kihara ulikuwa kuni.

Wiki nne tulikaa tukiangalia vijiti. Vitano vilikauka. Tisa vilikaa kimya, kimya, halafu asubuhi moja jicho la kwanza likapasuka na kutoa kijani kidogo, kama ncha ya ulimi wa mtoto. Adero alinunulia soda mstari wetu mzima. Huyu ni mtu ambaye nilikuwa nimemwona akinunua soda mara moja tu, na hiyo ilikuwa matanga.

Sasa mahali pa kuipanda. Adero amepanga kwa Saadia, kule Kianda, tangu Trizah akiwa shule ya msingi. Saadia ni Mnubi, ukoo wake uko Kibera tangu babu wa babu alipovua buti za jeshi, na ploti yake ina vyumba kumi na viwili. Nyuma ya vyumba kulikuwa na kipande cha ardhi, futi ishirini kwa sitini, kinateremka kidogo, ambacho kazi yake ilikuwa kupokea takataka. Adero alimwendea mama huyo na mche mmoja mkononi kama anayepeleka posa. Lakini Saadia ana mtoto wa kiume, Riyadh, na Riyadh alikuwa amekwisha kukipigia hicho kipande hesabu ya vyumba vitatu na bafu.

Saadia si mtu wa kupenda kelele. Alimsikiliza mwanawe, akamsikiliza fundi, akanywa chai yake yote, ndipo akatoa uamuzi. Adero atakaa na kipande mpaka Idd ndogo ya mwaka wa 2025. Siku hiyo, baada ya swala, wote watakwenda nyuma ya nyumba. Avokado ikionekana juu ya mti, hapajengwi maisha yote ya Saadia. Isipoonekana, miti inang'olewa na Riyadh alete mawe.

Riyadh alikubali akitabasamu. Mtu yeyote wa Kibera anajua avokado huchukua miaka saba.

Kuchimba mashimo ndiko kulinifundisha kwamba Kibera haina udongo, ina historia. Futi ya kwanza ni majivu na vifuniko vya soda. Ya pili ni zile karatasi za plastiki zilizopigwa marufuku, zimelala tabaka juu ya tabaka kama chapati. Tulitoa viatu kumi na kimoja, vyote vya mguu wa kushoto, ambayo ni kazi ya mtu na siku moja nitamjua. Tulitoa redio. Chini kabisa tukakuta ardhi nyekundu, na Adero akaishika akaifinya kwa vidole kama anayepima kitambaa. Tukachanganya na mavi ya mbuzi na udongo mzuri ambao Isaac alituletea kwa mkokoteni.

Siku ya kupanda ilikuwa Aprili, mvua imeshika. Isaac alikuwa amesafiri kwao kumzika shangazi, na Adero hakutaka kungoja. Tuliteremsha miti tisa kwenye mashimo tisa. Ukitazama mche wa kuunganishwa utaona pale penye kiungo pana uvimbe, kama goti lililoumia, lenye kovu la nailoni. Uvimbe huo ulikuwa umesimama wazi juu ya udongo. Adero alirudi nyuma hatua tatu, akatazama, akainamisha kichwa upande. Nilijua hilo jicho. Akachukua jembe akaongeza udongo kwenye shina mpaka uvimbe ukafunikwa, akaupigapiga kwa kiganja kama anayepiga pasi. Mti wa pili vivyo hivyo, mpaka wa tisa. Na mimi, kwa akili zangu zote, nilimsifu. Nilimwambia sasa inakaa kama miti iliyozaliwa hivyo.

Mwezi wa sita majani yalianza kugeuka manjano. Tukasema ni njaa, tukaongeza mbolea. Yakakauka ncha. Tukasema ni kiu, tukaongeza maji. Mgonjwa anaharisha, sisi tunamletea maharagwe. Mti wa kwanza ulikufa Julai, wa pili na wa tatu ikafuata Agosti, na kila Ijumaa akitoka msikitini Riyadh alipita pale nyuma na tepu ya kupimia, anapima, anaandika, anatusalimia vizuri sana. Adero alikonda. Kule kwa Kihara, palipokuwa na mti pana nguzo ya zege sasa, hakuna kijiti kingine cha kurudia. Hii miti ikifa, basi ile avokado imekwisha duniani, na kipande kimekwenda.

Alikuwa ameona haya kumwita Isaac. Nilimwita mimi.

Isaac alipiga magoti, akafukua udongo kwa vidole kwenye shina la mti wa nne. Pale penye kiungo ngozi ilikuwa nyeusi, imelowa, inatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

"Nani alizika hapa?"

"Hakuna aliyezika. Nilificha mshono."

"Ulificha nini?"

"Mshono, Isaac. Kwani huo uvimbe ungekaa hapo nje, kila mtu aone nimeunga?"

Isaac alitafuta kitu cha kukalia, akapata mtungi. Nilidhani atacheka, na nafikiri yeye pia alidhani atacheka, lakini alimtazama Adero usoni akaacha.

"Mama Trizah, hapo pakilaliwa na unyevu panaoza. Kiungo kinakaa juu ya udongo, shubiri nzima, kionwe na kila mtu. Nilisahau kukwambia kwa sababu sijawahi kuona mtu anakificha."

Adero alikwenda chumbani akarudi na kijiko cha chakula, akaanza kufukua mti mmoja baada ya mwingine, polepole asikwaruze, jua likimpiga mgongoni. Isaac alifuata nyuma akikwangua palipooza na kupaka dawa ya ukungu, ile ya buluu ya shaba. Katika sita iliyobaki, mmoja zaidi ulikufa. Mitano ikasimama. Isaac alisema, kwa kujaribu kutuliza, kwamba hata hivyo tisa ilikuwa mingi kwa kipande kama kile, ingefika ukubwani ianze kupigana viwiko. Adero alimwambia hiyo faraja aipeleke kwao, kwa waliofiwa na shangazi.

Lakini majani mapya yalipotoka, mekundu kidogo, laini, alibadilika mwanamke yule. Mgeni akija kutazama, jambo la kwanza Adero alimwinamisha aone uvimbe. "Hapo ndipo niliposhona," alimwambia, na kidole chake kilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kutunza miti penye vyumba kumi na viwili kuna mambo yake. Maji Kibera hununuliwa, kwa hivyo Adero alitoa sheria: kila chumba kikifua, maji ya suuza ya mwisho yanakwenda kwenye miti, na atakayemwaga maji yenye Jik ya kung'arishia atamjua yeye ni nani. Watu walitii, kwa sababu nusu yao walikuwa na nguo kwake hazijamaliziwa. Obonyo wa chumba cha sita alifunga kamba ya kuanikia kwenye mti mmoja, akatundika mablanketi mawili. Adero hakumwita. Alikuja na mkasi wa kazi akaikata ile kamba, mablanketi yakalala matopeni, kisha akaenda kuyafua mwenyewe ili maji ya suuza yasipotee.

Kati ya avokado alipanda matunda damu, yale mekundu ya kuliwa kwa kijiko, kwa sababu hayo hayachelewi, na mwaka uliofuata yakazaa mpaka matawi yakalala. Tulifikiri tumeshinda mapema. Adero akajaza sahani, akampelekea Saadia, Riyadh yupo.

"Hii ni nyanya imevaa koti," akasema Riyadh.

Saadia alikula matatu kwa kijiko na sukari, akafuta mdomo, akatoa hukumu kwamba mwanawe ana haki. Yeye alisema avokado.

Septemba mwaka ule ule, 2023, miti miwili ilitoa maua. Adero alinipigia simu alfajiri, sauti chini, kama kuna mtoto amelala. Maua ya avokado si maua ya harusi. Ni vitu vidogo vya kijani, utadhani vumbi limeota miguu. Tulisimama tukayatazama kwa raha mpaka Isaac alipofika akasema yatolewe yote.

Nilitaka kumpiga na jembe. Alituambia mti bado ni mdogo, mifupa yake haijakomaa, ukiuacha uzae sasa utadumaa au utavunjika. Aliuliza kama mmoja wetu angeozesha msichana wa miaka kumi na mmoja kwa sababu ana haraka ya wajukuu. Nikahesabu mbele ya Adero: yakitoka haya, umebaki msimu mmoja tu wa maua kabla ya Idd ya Riyadh. Msimu mmoja, na mvua ikikosea, hakuna mwingine. Nilimwambia aache hata shada moja, moja tu, la bahati. Alifikiri sana. Halafu akaniambia nishike beseni, akaanza kuyachuma kwa ncha za kucha, shada baada ya shada, bila kuacha hata moja. Jioni alilimwaga lile beseni kwa mbuzi wa Saadia, akakaa kwenye ngazi ya mlango akitoa kijani kwenye kucha.

Mwaka wa 2024 miti ilinenepa shingo. Agosti ikafika, maua yakaja kwenye minne kati ya mitano, mengi mpaka nyuki wakajaa. Nyuki wa Kibera sijui wanaishi wapi na wanalipa kodi kwa nani, lakini walikuja. Vikatokea vitunda kama vichwa vya kiberiti, mamia, na Adero akaanza kuimba akifanya kazi, nyimbo za Kijaluo zisizo na mwisho. Oktoba vikaanza kudondoka. Kila asubuhi chini palikuwa kama pamemwagwa choroko. Isaac alisema mti huacha unachoweza kulisha. Desemba zilibaki kumi na moja. Upepo wa Januari ukala tatu.

Nane. Nane kwenye matawi membamba kama mipini ya mwiko, na watu arobaini wanapita hapo kwenda chooni, kila mmoja ana mkono. Adero hakulala vizuri tena. Ukuta hana, mbwa hana, na ukimwambia mtu wa Kianda asiguse tunda ni kama umemwonyesha lilipo. Alijaribu vifuko vya chandarua, vikapeperuka. Alijaribu soksi, tawi likainama.

Mwezi huo nilikuwa nimefungua bale ya sidiria, na ndani yake, Mungu ni shahidi, kulikuwa na saizi ambazo Nairobi nzima haina mwenye nazo. Nilikuwa nimezirundika chini ya meza nikilaani aliyezifunga. Adero aliinama kuokota pini, akaziona, akavuta moja, akaingiza ngumi ndani yake. Akaigeuza. Akaivuta mkanda kuona unavyobeba. Sikuuliza kitu. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi.

Siku mbili baadaye kila avokado ya Kianda ilikuwa imevaa. Alikuwa amezikata na kuzishona upya, kikombe kinashika tunda kutoka chini, mkanda unafungwa tawi nene la juu, na kulabu nyuma kwa ajili ya kufungua na kukagua. Nyeusi, za rangi ya maziwa, moja ya zambarau yenye lesi. Uzito ukatoka kwenye vitawi, jua likapungua makali, na kuhusu mikono ya watu, hapo ndipo nilipomvulia Adero kofia. Mwanaume gani wa Kianda ataonekana mchana akiingiza mkono ndani ya sidiria juu ya mti, akinyata? Wanawake walikuja mpaka kutoka upande wa Olympic kuona. Obonyo wa chumba cha sita alianza kwenda chooni akitazama viatu vyake.

Katikati ya Ramadhani lori la Riyadh lilimwaga mawe mlangoni.

Siku ya Idd nilifunga meza nikaenda. Adero alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kilemba, mikono ameikunja kifuani. Wapangaji wamejipanga kwenye ukuta na sahani zao za pilau kutoka jikoni kwa Saadia. Wakaja mama na mwana, Riyadh ndani ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, ananukia uzuri. Kumbe kwa miezi mitatu hakuwa amepita huko nyuma. Alikuwa na uhakika wake. Akasimama mbele ya mti wa kwanza. Akatazama. Akatazama pembeni haraka.

"Mama," akasema, "hizi ni nini?"

"Naambiwa ni avokado."

"Zimevaa."

"Zimevaa," Saadia akakubali.

Riyadh si mjinga. Alifikiri kidogo, akasema kwa heshima kwamba Mama Trizah ni fundi, na fundi anaweza kujaza kitu chochote kwa matambara kikaonekana kimeshiba. Yeye haoni avokado. Anaona nguo. Na maneno ya mama yake yalikuwa avokado ionekane. Wapangaji wakaacha kutafuna. Kwa hesabu ya maneno yule mwanaume alikuwa amesema kweli.

"Basi fungua," akasema Adero.

"Mimi?"

"Wewe ndiye huamini," akasema Saadia. "Asiyeamini ndiye afungue."

Kanzu na yote, Riyadh alinyoosha mkono kwenye ile ya zambarau. Kulabu zilikuwa tatu. Ya kwanza ilimkataa. Ya pili ikamkataa. Mwanamke wa chumba cha nne akamshauri asiwe na haraka, mwingine akasema kwa sauti kwamba sasa wamejua kwa nini mke wake hulalamika, na ukuta mzima ukaanguka kicheko. Masikio ya Riyadh yaliiva. Lakini akaendelea, na kulabu ya mwisho ilipoachia, ikabaki inaning'inia mbele ya pua yake avokado ya kijani, imejaa, inang'aa, kubwa kama ngumi ya mpiga mawe, bado imeshikana na mti wake kwa kikonyo.

Aliigusa kwa kidole. Akaibonyeza, ikakataa kubonyea. Akaenda ya pili. Ya tatu aliifungua kwa mkono mmoja, wakampigia makofi. Ya tano alikuwa anacheka mwenyewe, mabega yakitikisika, na ya nane alipoifungua Saadia alikuwa ameketishwa kwenye ndoo kwa jinsi alivyokuwa anacheka.

"Nane," akasema Riyadh. "Haya. Nimekubali."

"Umekubali nini?" mama yake akauliza akijifuta machozi. "Sema kwa mdomo, hawa wote wasikie."

"Hapajengwi."

"Mpaka lini?"

"Maisha yako yote, Mama. Na Mungu akupe mengi."

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika Kawangware. Adero alikaa chini pale pale kwenye udongo na gauni la kanisani, akaomba maji, akanywa kikombe kizima bila kupumua. Tulidhani atalia. Badala yake akageuka akamkaripia Obonyo kwa kusimama juu ya mizizi, na kila mtu akajua amerudi.

Kisha akainuka, akajikung'uta, akamfuata Riyadh aliyekuwa anaondoka.

"Riyadh, yale mawe ya mlangoni."

"Yana nini?"

"Hapa panateremka. Mvua inanibebea udongo wote. Kungekuwa na kikuta kidogo hapa chini, safu tatu tu."

Riyadh alimtazama yeye, akamtazama mama yake, ambaye alikuwa bado kwenye ndoo, akipima kwa kiganja avokado iliyoning'inia karibu naye na wala hawasikilizi.

"Umenichukulia ploti, Mama Trizah. Sasa unataka na mawe?"

"Safu tatu."

"Moja," akasema Riyadh, akianza kukunja mikono ya kanzu.